Mjerumani wa Baba Odeta

Mume wangu Machibya alikuwa mchawi kwa miaka mingi, na aliyekuwa akimfulia mavazi ya uchawi ni mimi. Kaniki nyeusi, shanga, vipande vya ngozi, na ule usinga wa mkia wa ng'ombe uliompa jina. Kuanzia Igoma mpaka Kirumba walimwita Mzee Usinga, na filamu yoyote ya hapa Mwanza ikihitaji mtu wa kukausha shamba la pamba au kumtia bwana harusi kichaa, simu ilipigwa kwetu. Huyo mchawi mwenyewe, jogoo akichinjwa nyumbani, hutoka nje akajifanya anakagua uzio. Mchinjaji ni mimi.

Nimetoka Kagera, nimefundisha Kiingereza chuo cha ualimu Butimba mpaka nikastaafu, na ninasema mambo kama yalivyo. Wanaodai Wahaya tunajisikia waendelee kudai. Nilipoolewa na kijana wa Kisukuma aliyekuwa akicheza ngoma kwenye sherehe za Bujora, dada yangu Kokuberwa aliniuliza kama wanaume wa Bukoba wamekwisha. Nikamjibu hawajaisha, ila hakuna hata mmoja anayenichekesha. Machibya alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kiwanda kikafungwa, uzee nao ukaanza kumchonga uso: mashavu yakaingia ndani, macho yakabaki makubwa. Watu wa filamu walipouona uso ule wakasema hawatafuti tena.

Sasa, huyo Mjerumani. Siku moja ya mvua Machibya alikuwa akichezea simu yangu, akaniita kutoka jikoni kama mtu aliyeona nyoka. "Mama Odeta! Njoo umwone mtu!" Kwenye kioo ilikuwa filamu ya zamani sana, haina rangi, haina sauti, na ndani yake mwanamume mwembamba amesimama mlangoni hafanyi kitu. Anatazama tu. Lakini mimi niliyekuwa na mwiko mkononi nilirudi nyuma hatua. Jina lake lilikuwa Anton Krausnitz, na chini ya filamu mtu fulani alikuwa ameandika maisha yake kwa Kiingereza kirefu. Machibya akanivutia kiti nimtafsirie.

Nikatafsiri kwa sauti yangu ya darasani. Krausnitz alikuwa mtoto wa mpika mikate katika mji mdogo. Akatoroka na kundi la waigizaji waliokuwa wakizunguka vijijini, akawa mvuta pazia, kisha akapewa kuigiza mlevi, kisha maiti. Akaenda Berlin wakati filamu bado ni kitu kipya, watu wanashangaa picha kutembea. Dairekta mmoja akamtazama mifupa ya uso akasema, huyu hahitaji maneno. Tangu siku hiyo akawa mnyongaji, bahili, daktari mwenye sumu, mzuka wa kwenye ngazi. Hakuwahi kuwa bwana harusi. Hakuwahi kumpata binti mwisho wa filamu. Uso alijipaka mwenyewe, kwa kikopo chake cha mafuta, unga mweupe na makaa.

"Enhe?" Machibya akasema. Alikuwa amesogea mpaka magoti yetu yakagusana.

Enhe, watu wakaanza kumwogopa barabarani. Wanawake walivuka upande wa pili. Na katika nyumba ya vyumba vingi aliyopanga, watoto wa majirani walipiga kelele kila akipanda ngazi. Mzee wa watu akaumia, maana alipenda watoto. Basi Jumapili moja akaketi palepale kwenye ngazi na kikopo chake na kioo, akajipaka mbele yao, kidogo kidogo, akafuta, akajipaka tena, mpaka wakaona wenyewe mzuka unavyotengenezwa. Kuanzia hapo walikuwa wakimpokea mkoba. Halafu filamu zikaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruza, haifanani na uso wake. Kazi ikaisha. Akafa kwenye chumba cha kupanga, wakati wa baridi, na karibu filamu zake zote zikaungua au zikaoza. Hii ndiyo iliyobaki.

Machibya akairudisha filamu mwanzo. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Wale watoto wa kwenye ngazi," akauliza, "walikwenda kumzika?"

"Haijaandikwa, Baba Odeta."

"Watakuwa walikwenda," akasema, akanirudishia simu.

Kuanzia hapo yule Mjerumani akawa kama shemeji yangu. Machibya aliitazama filamu ile asubuhi kabla ya chai. Akaacha kupayuka kwenye filamu zake, akaacha kutikisa usinga kama anafukuza nzi. Akawa anasimama tu, anainua macho polepole. Watengeneza filamu walishangilia. Kabla ya hapo watu walikuwa wanamwogopa kwa kucheka, maana kila mtu anajua mchawi wa filamu. Sasa wakaanza kumwogopa bila kucheka. Mwanamke mmoja sokoni alimsukumia nyanya alizokuwa ameshazishika, akasema zote chukua, usinilipe. Mume wangu alirudi nazo nyumbani akiwa na furaha, akidhani ni zawadi. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Binti yetu Odeta ameolewa Magu, kwa Elias, mwenye duka la pembejeo, kijana mzuri asiye na neno. Wanaishi kwenye mji wa baba yake, Mzee Mashimba, pamoja na shangazi wa Elias aitwaye Rose. Wana mtoto mmoja, Rebeka. Huku kwetu babu na mjukuu ni watani: babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, mjukuu anamjibu hataki mume kibogoyo, na watu wote wanacheka. Machibya aliutayarisha utani wake tangu Rebeka hajaota meno. Alikuwa akinifanyia mazoezi mimi.

Kisha Rebeka akamwona babu yake kwenye simu ya shangazi Rose, akiwa Mzee Usinga. Tulipokwenda kuwatembelea mtoto alikimbilia nyuma ya mama yake, akajikojolea palepale. Machibya alibaki mlangoni na pakiti ya biskuti mkononi. Akatoka, akaenda kukaa na mbuzi mpaka muda wa kuondoka, na njia nzima mpaka Mwanza aliishika ile pakiti. Niliumia siku ile, na nikamchukia Rose na simu yake, na nikazichukia filamu, na Mjerumani nikamchukia pia. Mume wangu hakuwa anadai makubwa duniani. Alitaka mtoto yule akae kwenye mapaja yake.

"Nitafanya kama yule Mjerumani," aliniambia baada ya wiki chache. "Nitajipaka mbele ya mtoto."

Nikaona ni wazo zuri. Kumbukeni kwamba mimi ndiye msomi wa nyumba hii, na niliona ni wazo zuri sana. Tukafunga unga wa muhogo, vipande vya mkaa, mafuta ya mgando kwenye kikopo, na kioo changu cha mkononi. Tulifika Magu siku ya Jumamosi. Wazee walikuwa wamekwenda shamba, Elias yuko dukani, Odeta anapika. Machibya akaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na ghala, na Rebeka akachungulia kutoka nyuma ya kitenge changu.

"Huyu ni nani?" Machibya akauliza.

"Babu," mtoto akasema kwa mbali.

"Sasa babu anapaka mafuta. Huyu ni nani?"

"Babu."

Akapaka unga. Akauliza. Akachora nyusi kwa mkaa. Akauliza. Kila alipouliza mtoto alijibu kwa nguvu zaidi, na kila alipojibu alisogea, mpaka akawa ndiye aliyeshika kioo. Machibya akainua yale macho, akawa Mzee Usinga kamili, ngozi ikanisisimka hata mimi. Rebeka akacheka mpaka akakaa chini. "Babu! Ni babu!" Kisha akataka apakwe na yeye. Akapanda mwenyewe kwenye mapaja, akafumba macho, akampa uso.

"Mke wangu, umependeza," mume wangu akamwambia.

"Sitaki mume kibogoyo!" Odeta alikuwa ameshamfundisha kumbe, siku zote, bila kutuambia. Nililia ndani ya kitenge. Sijawahi kumwona Machibya na uso ule, na wala ule unga haukuuficha.

Hapo ndipo shangazi Rose alipotokea kwenye kona ya ghala na jembe begani, Mzee Mashimba nyuma yake. Jaribuni kuona alichokiona. Mzee Usinga, uso mweupe, mdomo unanong'ona. Mtoto wa ukoo mapajani, naye mweupe, amefumba macho. Kikopo cha mafuta, makaa, kioo. Kwenye ngazi za Berlin watoto walikuwa wameona mtu anajipaka. Nyuma ya ghala la Magu Rose aliona mtoto anachukuliwa.

Alipiga yowe, na huku yowe halipigwi bure. Watu walikuja kutoka nyumba zote. Machibya akasimama kueleza. "Jamani, ni unga tu. Ni unga wa muhogo!" Lakini alisimama na uso ule, na kila alipoinua macho kuwasihi walirudi nyuma na kuokota kitu chini. Nyie nyote mnajua kilichowapata vikongwe wa mikoa hii kwa sababu tu moshi wa kuni umewatia macho mekundu, wakauawa kama wachawi. Mimi nilikijua, na nilisimama mbele yake nimetanua mikono kama kuku. Elias alifika na gari la kubebea mbolea, akatusukumia ndani. Rebeka alikuwa analia akimnyooshea babu yake mikono, Rose anamfuta uso kwa upindo wa kanga, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

Jioni ile mtoto akapandisha homa. Zahanati wakampima wakaona malaria, wakampa dawa, akapona. Odeta alimwonyesha shangazi majibu.

"Malaria ni kweli," Rose akasema. "Lakini nani kaileta?"

Tukaambiwa tusiende Magu tena. Odeta alitupigia simu akiwa amejificha bafuni, na kuna siku alimpa mtoto simu. "Babu unakuja lini kunipaka?" Sauti ilitoka kubwa, sebule yote ikasikia. Machibya akamwambia anakuja, mke wangu, karibu tu. Mtoto hakuwa na hofu tena. Katika Magu nzima yeye peke yake ndiye aliyejua babu yake ni nani. Mume wangu aliishi kwa jambo hilo, akawa anakula, akawa ananichekesha kidogo, miezi yote ile.

Halafu Mzee Mashimba akaja mwenyewe Mwanza. Si mtu mbaya, nasema kweli. Alikunywa chai, akageuzageuza kofia yake.

"Mkwe, mimi sina neno na wewe. Lakini ukoo una neno, na mimi ni mtu wa ukoo. Njoo kanisani kwetu. Ukiri mbele ya watu kwamba ulikuwa na mambo ya giza na umeyaacha. Vile vifaa tuvichome. Uombewe. Yaishe. Mtoto utamwona hata kila siku."

"Na filamu?" Machibya akauliza.

"Na filamu uache, mkwe. Watu watakuaminije?"

Alipoondoka nilikusanya vikombe kwa kishindo. "Ukikiri, umekuwa mchawi kweli," nilimwambia Machibya. "Neno likishatoka halirudi."

"Mama Odeta, nimekiri mbele ya kamera mara ngapi? Nimekiri mpaka nimechomwa moto."

"Kule kuna dairekta anasema 'kati', kamera inazimwa, mnakwenda kunywa soda. Magu atasema nani?"

Akatazama mikono yake. "Sauti ya mtoto umeisikia," akasema. Nilikuwa nimeisikia. Sikubishana tena, na usinga nikaukunja mimi mwenyewe kwenye gazeti, na kaniki, na kikopo.

Jumapili ile alinyoa ndevu, akavaa suti yake ya harusi, inayompwaya siku hizi. Uso mtupu, safi, umeoshwa kwa sabuni. Kanisa lilijaa, ukoo wa Mashimba mabenchi ya mbele. Odeta alikuwa amenihakikishia watoto watakuwa kwenye banda la nje, wanafundishwa nyimbo. Machibya akasimama mbele, akasema alichokuwa amepanga kusema: kwamba ameyaacha mambo ya giza, anaomba msamaha. Alikisema vibaya, haraka, kama mwanafunzi aliyekariri. Hajui kusema uongo, huyo ndiye mume wangu; anajua kuigiza tu.

Watu wakanung'unika. Shangazi Rose akasimama. "Huyu hajakiri. Aseme alifanya nini! Aseme mtoto wetu alimfanya nini!"

Mchungaji akamwambia kwa upole, "Baba, sema yote. Ufunguliwe."

Nikamwona Machibya anatazama benchi la ukoo, nyuso moja moja, akaelewa kwamba wanataka kumrudisha nyumbani bila mjukuu. Akainamisha kichwa. Nilikuwa nimemwona akifanya vile kila mara kabla ya kamera, na moyo wangu ukasema hapana, Baba Odeta, hapana. Kisha akainua macho.

Akasema jina la mzee aliyempa dawa. Hakuna mzee kama huyo. Akasema mashamba aliyoyakausha, kwa majina ya vijiji, na ng'ombe waliokufa wamesimama. Hakupaza sauti hata kidogo. Ilikuwa ndogo, imekwaruza, ilibidi watu wainame kumsikia. Akasema, "Na mjukuu wangu. Nilimpaka nimchukue. Ile homa ni yangu." Akalia machozi ya kweli, kwa sababu yeye akiigiza hulia machozi ya kweli. Kanisa zima lililia. Mzee Mashimba alilia. Rose alipiga magoti, akamshika miguu, akisema umesamehewa, baba, umesamehewa. Hata mimi niliyemfulia kaniki zile, kwa kitambo kidogo, nilimwamini. Hajawahi kuigiza vizuri hivyo maishani mwake, wala yule Mjerumani wake hakuwahi.

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamemaliza nyimbo zao mapema, wakaingizwa kimyakimya, wakakalishwa kwenye mkeka chini ya mimbari. Sijui tangu lini. Rebeka alikuwa mstari wa kwanza, na gauni lake la njano, mdomo wazi.

"Mleteni mtoto amkumbatie babu yake," mchungaji akasema, na watu wakapiga vigelegele.

Odeta akamwinua. Machibya akapiga magoti, akafungua mikono. "Mke wangu," akamwita, na sauti yake ilikuwa imerudi ileile ya nyumbani. Mtoto akasogea karibu, akamtazama sana usoni. Akapitisha kidole shavuni mwake. Akakiangalia kidole.

"Babu, hujapaka," akasema.

"Sijapaka, mke wangu. Ni mimi."

Nikaona jambo lile linamwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Akaanza kutetemeka kuanzia kidevu. Alirudi nyuma kwenye magoti ya mama yake, akajificha uso, na hakuna aliyeweza kumtoa pale.

Angemwambia nini? Akisema lilikuwa igizo, ukoo unasikia. Akinyamaza, mtoto amesikia. Mume wangu alibaki amepiga magoti na mikono wazi mpaka Mzee Mashimba alipomwinua, akidhani ni neema imemlemea.

Sasa tunapokelewa vizuri Magu. Wanatuchinjia kuku. Shangazi Rose mwenyewe anammiminia Machibya maji ya kunawa, anamwita baba, anamwuliza hali ya magoti. Majirani wanakuja kumpa mkono. Rebeka anajifungia chumbani tangu tunapopiga hodi, na anatoka tukishaondoka. Tulijaribu mara kadhaa. Machibya alikuwa akikaa kiti cha karibu na mlango ule wa chumba, anaongea na wanaume habari za mvua na mbolea, na sikio lake liko huko ndani.

Safari ya mwisho Odeta alitusindikiza mpaka barabarani. Alisita, kisha akatuambia kwamba mtoto akisikia tunakuja, halali. Anakaa macho na kumshika mama yake shingo mpaka asubuhi.

Tulipanda gari, tukapita mashamba ya mpunga, tukapita Kisesa, wala Machibya hakugeuka kuutazama upande wa Bujora kama anavyofanya siku zote. Tulipofika nyumbani nilianza kuhesabu kwa sauti sikukuu inayofuata itaangukia lini, ili tujipange. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Mpigie Odeta," akasema. "Mwambie sitakuja tena. Na amwambie mtoto hivyo leo hii, Mama Odeta, kabla hajaenda kulala."